Satoshi Aligeukaje Ash? Majina ya Anime Yanapoingia Kiingereza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa tafsiri, ikaandikwa baadaye kwa ajili ya wasomaji)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na vijana mliojazana hadi mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa kuzungumza juu ya majina ya wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, na mambo yaliyoyapata majina hayo yalipoingia katika Kiingereza. Anayedhani habari hii iko mbali nasi akawaulize wadogo zake nyumbani: yule kijana wa Pokémon mwenye kofia, Pikachu begani, anaitwa nani? Ataambiwa Ash. Jina Satoshi, alilozaliwa nalo, huenda asilisikie kabisa. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukuipokea Pokémon kutoka Tokyo. Tuliipokea kutoka Marekani, ikiwa imekwisha kutiwa sauti za Kiingereza, na majina tukayachukua kama tulivyoyakuta.

Niseme mapema nimesimama wapi. Mashabiki hugombana kila siku: hawa wanasema jina la mhusika ni lake, lisiguswe, wale wanasema mtoto wa Ohio kule Marekani hawezi kutamka Jounouchi, jina la mhusika wa Yu-Gi-Oh!, apewe Joey maisha yaendelee. Mimi naona ugomvi huo umeanzia pasipofaa. Jina la mtu katika hadithi lina kazi. Lingine linachekesha, lingine linaficha siri, lingine linaonyesha undugu, na mengi hayana kazi zaidi ya kutuambia huyu ni nani. Mfasiri kabla hajaligusa, na kabla hajaamua kuliacha, lazima ajue linafanya kazi gani. Akishajua, anaweza kulibadilisha nikampigia makofi, na anaweza kuliacha nikamlaumu.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka, hadithi ya mtoto roboti, na mwaka huohuo ikafika Marekani. Atomu akawa Astro Boy. Profesa Ochanomizu, ambaye jina lake ni la mtaa mmoja wa Tokyo, akaitwa Dokta Elefun, maana ana pua kubwa ajabu na Mwingereza tembo humwita elephant. Mzaha wa kitoto, lakini angalau aliyeubuni alimtazama mhusika usoni.

Mwaka 1967 ikaja Mach GoGoGo, na hapa nataka tukae kidogo. Shujaa ni kijana dereva wa magari ya mashindano, Mifune Go. Mifune ni heshima kwa Toshiro Mifune, yule mwigizaji wa filamu za samurai. Go ni jina la kijana, tena ni tano katika hesabu ya Kijapani, tena kwa sikio la Mwingereza ni amri ya kwenda, na gari lake ndilo Mach ya tano. Silabi moja inabeba mizigo mitatu. Waamerika wakamwita Speed Racer, jina lake Speed na ukoo wake Racer. Baba yake Pops Racer, kaka yake aliyepotea Rex Racer. Ukoo mzima umezaliwa barabarani. Msinielewe vibaya, kwa watoto wa shule jina hilo lilikuwa tamu, na linakumbukwa hadi leo. Tatizo lilikuwa kwenye picha. Boneti ya gari ina M kubwa, ya Mifune. Shati la kijana lina G kifuani, ya Go. Rafiki yake Michi ana M kwenye blauzi, na sasa anaitwa Trixie. Filamu ilikwisha kuchorwa, nani angekaa kufuta herufi picha baada ya picha? M ya gari ilipata bahati, ikasemekana ni ya Mach. G ya shati na M ya Trixie zikabaki hivyohivyo, kipindi baada ya kipindi, hazina mwenyewe. Mfasiri wa kitabu anaweza kuzika alichokibadilisha. Mfasiri wa picha anaumbuliwa na mchoraji kila mara.

Miaka ya sabini na themanini sitaikalia sana, ila mtu mmoja siwezi kumruka. Mwaka 1985 kampuni ya Harmony Gold ilitaka kuiuza anime ya Macross kwa vituo vya televisheni vya Marekani. Vituo vilitaka vipindi 65, yaani Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 13. Macross ilikuwa na vipindi 36 tu. Mtayarishaji wao, Carl Macek, ndiye mtu wangu, akaichukua, akaiunganisha na hadithi nyingine mbili zisizohusiana nayo hata kidogo, akaziita zote Robotech. Sasa utaziunganishaje hadithi tatu za watu wasiojuana? Kwa majina. Katika Macross kulikuwa na rubani anayeitwa Maximilian Jenius. Akaitwa Max Sterling. Katika hadithi ya pili kulikuwa na askari wa kike anayeitwa Jeanne Francaix. Akaitwa Dana Sterling. Basi, wakawa baba na binti. Kwa kawaida mtoto hupata ukoo kwa mzazi; Dana alipata mzazi kwa ukoo. Najua mashabiki wa Macross hadi leo hawajasamehe. Mimi nasema aliyefanya vile alijua jina linaweza kufanya nini, hata kama hakuwaheshimu waliozichora hadithi zile.

Kwa nini hawakuyaacha tu majina? Sababu kubwa ilikuwa biashara. Kituo cha televisheni hakikutaka mzazi ashtuke, na kampuni ya vinyago haikutaka boksi lenye jina ambalo mtoto ataona haya kulitamka mbele ya muuzaji. Sababu ya pili ni ya ufundi, na watu wengi huisahau: mdomo. Mdomo wa mhusika umekwisha kuchorwa ukifunguka na kufunga. Anayeandika maneno ya Kiingereza anatazama midomo ile na kuhesabu. Mwenzake anaita Sa-to-shi, mdomo umecheza mara tatu. Ash ni pumzi moja tu, na mdomo bado unakwenda. Itabidi aongezewe neno la kujazia, hata kama Kijapani hakikulisema. Kwa hiyo jina moja likibadilika, sentensi nzima inayolizunguka hutikisika.

Sasa niingie kwenye Sailor Moon, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Ilianza Japani mwaka 1992, ikaingia Amerika ya Kaskazini mwaka 1995 kwa mkono wa kampuni ya DiC. Msichana mkuu anaitwa Tsukino Usagi. Ukisoma haraka, tsuki no usagi ni sungura wa mwezini. Wajapani wakiutazama mwezi mpevu huona sungura anatwanga mchele wa kutengenezea mochi, kwa hiyo mtoto wa Tokyo akisikia jina hilo tu anajua huyu ana jambo na mwezi. Kiingereza kikamwita Serena. Jina zuri, na linakaribiana na Selene, mungu wa mwezi wa Wagiriki, lakini nakuhakikishieni mtoto wa miaka tisa hamjui Selene. (Na sisi tukitafsiri tusikimbilie kumwita Sungura. Sungura wa hekaya zetu ndiye mjanja aliyewatia wote mfukoni. Usagi ni mvivu, mlilaji, na darasani ni wa mwisho.)

Wenzake ndio hasa, kila mmoja na sayari yake. Sayari ya Utaridi kwa Kijapani ni Suisei, nyota ya maji, na msichana wake anaitwa Mizuno; mizu ni maji. Mirihi ni Kasei, nyota ya moto, na msichana wake anaitwa Hino. Hi ni moto. Mshtarii ni Mokusei, nyota ya mti, na msichana wake ni Kino. Ki ni mti. Herufi inayoandika sayari ndiyo ileile inayoanza jina la ukoo. Zuhura ndiyo iliyokwenda njia yake: kwa Kijapani ni Kinsei, nyota ya dhahabu, lakini msichana wake anaitwa Aino, na ai ni upendo, kwa sababu Venus wa Warumi alikuwa mungu wa mapenzi. Mwandishi wa hadithi, Naoko Takeuchi, aliweka ramani nzima ya anga katika orodha ya majina ya darasa. Katika Kiingereza Ami akawa Amy, Rei akawa Raye, Makoto akawa Lita, Minako akawa Mina. Yaani jina la kwanza, ambalo halikuwa na kazi kubwa, ndilo lililoshughulikiwa. La ukoo, lililobeba ramani, likaachwa lisiseme kitu.

Nikiwa Mswahili hapa naona wivu kidogo. Sisi tunaye Zuhura. Tuna mashangazi wanaoitwa Zuhura! Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuanzia hapo bila kumweleza mtu yeyote chochote.

Kisha kuna mtoto. Katikati ya hadithi anatokea binti mdogo kutoka siku zijazo, nywele zake zimefungwa kama za Usagi, na anasema naye anaitwa Usagi. Ili wasichanganyike wanamwita Chibiusa, yaani Usagi mdogo. Kwetu, mtoto mwenye jina la mtu mzima wa nyumba ni somo yake, na mtu angejiuliza papo hapo: hawa wana udugu gani? Ndiyo siri yenyewe, maana yule ni binti yake atakayemzaa. Kiingereza cha mwaka 1995 kikamwita Rini. Rini na Serena havina uhusiano wowote masikioni. Siri ikabaki, lakini uzi wa kuifuata ukakatwa. Hilo ndilo kosa ninalolikusudia: walibadilisha majina mawili, kila moja peke yake, wakati yalikuwa jina moja lililogawanyika.

Nisiwaonee. Waamerika haohao wana kazi moja ambayo kila nikiifikiria navua kofia.

Katika Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1997 na Marekani mwaka 1998, kuna wezi wawili wa genge la Rocket wanaomfuata Satoshi kila kona: mwanamke Musashi na mwanamume Kojiro. Mjapani yeyote anajua majina hayo. Miyamoto Musashi na Sasaki Kojiro walikuwa mabingwa wa upanga, walipambana katika kisiwa cha Ganryujima mwaka 1612, na Musashi akashinda. Kuwapa majina ya mabingwa hao wezi wawili wasiofaulu kuiba hata panya ndiko kichekesho chenyewe. Mfasiri afanye nini? Mtoto wa Marekani hamjui Musashi. Akiyaacha majina, kicheko kinakufa. Akiwaita Susan na Bob, kinakufa vilevile. Wakawaita Jessie na James. Kila kipindi wawili hao hujitambulisha kwa mbwembwe, mmoja anataja lake, mwenzake anafuatia, na masikioni linasikika jina moja: Jesse James, jambazi maarufu wa Marekani wa karne ya 19. Majina mawili ya kihistoria yametoka, jina moja la kihistoria limeingia likagawanywa kwa watu wawili. Upanga umepotea, ujambazi umeongezeka, kicheko kipo, midomo inakwenda sawa. Hapo mtu alikaa akafikiri.

Walirudia ufundi huohuo kwa Pokémon wawili wapiganaji. Mmoja hupiga mateke, Kijapani humwita Sawamular, kutoka kwa Tadashi Sawamura, nyota wa mchezo wa ngumi na mateke. Mwingine hupiga ngumi, anaitwa Ebiwalar, kutoka kwa bondia Hiroyuki Ebihara. Kiingereza kikawaita Hitmonlee na Hitmonchan: Bruce Lee na Jackie Chan. Ukitaka kunibana utasema Jackie Chan si bondia, na nitakubali. Lakini kazi ya jina imefanyika: mtoto anasikia jina, anajua huyu ni wa kupigana, na baba aliyekaa naye anacheka kwa sababu anajua zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya tafsiri hulipita haraka, na kwetu ni la kila siku: mtu anaitwaje na nani. Katika Kijapani jina haliendi peke yake. Lina kimkia: san kwa heshima ya kawaida, kun kwa kijana, chan kwa mtoto au mpenzi wa karibu, sama kwa mkubwa sana. Kaka yako humwiti kwa jina, unamwita kaka. Mwingereza hana desturi hiyo. Kwa hiyo Sakura wa Cardcaptor Sakura anayemwita kaka yake oniichan asubuhi na jioni, katika Kiingereza anamtaja kwa jina kavu, Tori, kama anamwita jirani. Mama yangu angemtia adabu.

Mfano mkali zaidi uko kwa Detective Conan. Kudo Shinichi, mwanafunzi wa sekondari na mpelelezi hodari, anapewa sumu inayomrudisha kuwa mtoto mdogo. Anajificha nyumbani kwa Ran, msichana anayempenda, ambaye hajui kwamba mtoto huyu ndiye Shinichi wake. Mbele ya watu lazima amwite Ran-neechan, dada Ran. Lakini Ran akiingia hatarini, mtoto anasahau nafsi yake, anapiga kelele: Ran! Kisha anakumbuka, anameza mate, anaongeza: neechan. Ndani ya kale kanafasi kati ya jina na kimkia ndipo siri yote ya hadithi inapotaka kumponyoka. Toleo la Kiingereza lililotoka Marekani mwaka 2004 kwa jina Case Closed linamwita Ran Rachel. Akiwa salama ni Rachel, akiwa hatarini ni Rachel. Mtoto hana cha kuteleza nacho. Kiswahili kingelifanya hilo bila jasho: Ran! ... dada Ran.

Toleo hilo lina kasoro nyingine inayonikera zaidi, ya nusunusu. Ran Mouri akawa Rachel Moore, Shinichi akawa Jimmy, lakini ukoo wake ukabaki Kudo, nao wote wanaishi Tokyo. Jimmy Kudo ni mtu wa wapi? Ama mhamishe mtu mzima mzima, ama muacheni kwao. Kilichookoka ni jina la bandia analojipa mtoto akiwa amesimama mbele ya rafu ya vitabu vya upelelezi: Edogawa Conan. Conan ni wa Arthur Conan Doyle. Edogawa ni wa Edogawa Ranpo, mwandishi mkubwa wa hadithi za upelelezi Japani, ambaye naye hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alilibuni kwa kumtamka Edgar Allan Poe Kijapani. Litamkeni haraka haraka, mtasikia. Yaani jina la Mmarekani lilikwenda Japani, likavaa kimono, likarudi Marekani, na Waamerika wengi hawakulitambua lilipopita mlangoni.

Safari za namna hiyo ni nyingi. Katika Death Note watu humwita muuaji asiyeonekana Kira, ambayo ni killer ya Kiingereza katika kinywa cha Kijapani. Tafsiri ya Kiingereza ikamwacha Kira, na ikafanya vizuri, maana Killer lingekuwa tangazo. Na mtengeneza filamu Hayao Miyazaki alipompa binti mfalme wake jina la Nausicaä, kutoka kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, toleo la Marekani la mwaka 1985 likamwita Zandra. Jina la Kigiriki limetoka Ulaya hadi Japani salama, likaja kuvuliwa Marekani.

Kijapani hakitofautishi R na L, na hapo pia pana vituko. Zoro wa One Piece, mtu wa panga tatu, kwa muda mrefu aliitwa Zolo katika Kiingereza. Sababu inayotajwa ni kuogopa wenye jina la Zorro. Msiwacheke Wajapani lakini. Hata hapa kwetu wapo wanaokwenda kupiga kula.

Tangu miaka ya tisini upepo ulianza kugeuka. Mashabiki walikuwa wakinakili kanda za video na kuzitia maandishi yao wenyewe chini ya picha. Kisha zikaja DVD, sahani moja ina sauti ya Kijapani na ya Kiingereza, mtu anabonyeza na kulinganisha. Ukimwambia Serena huku kitufe kimoja tu kinamwonyesha kwamba watu wa mle ndani wanaita Usagi, umeumbuka. Naruto ilipofika televisheni ya Marekani mwaka 2005, majina yalibaki. Sailor Moon yenyewe ilitiwa sauti upya, na toleo lililoanza kutoka mwaka 2014 likamrudishia Usagi jina lake na Chibiusa lake. Ila msidhani historia inakwenda mstari mmoja. Mwaka huohuo wa 2014 Doraemon iliingia Disney XD ya Marekani, Nobita akiitwa Noby, Gian akiitwa Big G, yen zimegeuka dola na vijiti vya kulia vimekuwa uma.

Leo desturi ni kuacha kila jina. Wengi wenu mnaona huo ndio uaminifu. Mimi nina wasiwasi nao. Chukueni Demon Slayer. Kijana anaitwa Kamado Tanjiro. Tan ni mkaa, kamado ni jiko la kupikia, na familia yake inaishi kwa kuchoma mkaa na kuuza. Mjapani akiliona jina limeandikwa anasikia harufu ya moshi. Mwingereza anasikia Tanjiro, sauti nzuri ya kigeni, basi. Au Dragon Ball: Vegeta, Kakarot, Raditz ni mboga, na kabila lao Saiya ni yasai, yaani mboga, silabi zimepinduliwa. Mtoto wa Goku anaitwa Gohan, yaani wali, naye ni somo wa babu aliyemlea baba yake. Katika Kiingereza usomo ulibaki, wali ukapotea. Na pale walipogusa waligusa vibaya: Mr. Satan akaitwa Hercule ili televisheni isipate kesi na wazazi, lakini binti yake akaachwa Videl, ambalo ni devil lililovurugwa herufi. Baba ameokoka, binti kabaki na ushetani wa kurithi usiojulikana umetoka kwa nani.

Kuacha jina ni uamuzi, nao una gharama yake. Mara nyingi ni gharama ndogo, na mimi mwenyewe ningemwacha Tanjiro awe Tanjiro. Lakini ningetafuta mahali pengine katika mazungumzo, jirani akimtania au mteja akimsalimu, nikauingiza mkaa kwa mlango wa nyuma.

Sisi tunayo pia njia ya tatu. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare hakumpa mtawala wa Roma jina la Mzanaki, wala hakuliacha na tahajia yake ngumu. Toleo la mwaka 1969 linasema Juliasi Kaizari. Bado ni Mrumi, lakini anaitika ukimwita kwa Kiswahili. Majina ya Kijapani kwetu ni rahisi zaidi ya hapo: silabi zao karibu zote zinaishia kwa irabu kama zetu. Satoshi, Usagi, Naruto, Sakura. Mtoto wa Tanga anayatamka bila kufundishwa. Zile sababu za Waamerika za ulimi mgumu hatuwezi kuziazima.

Nimalizie na lililo gumu kuliko yote. Filamu ya Miyazaki ya mwaka 2001, Spirited Away, ile iliyopata Oscar mwaka 2003, ni hadithi ya kuibiwa jina. Msichana Ogino Chihiro anaomba kazi katika nyumba ya kuogea ya mizimu. Mchawi mwenye nyumba, Yubaba, anamwekesha saini mkataba. Kisha anapitisha mkono juu ya karatasi, na herufi za jina zinang'oka moja moja, zinapaa, zinaingia kwenye kiganja chake. Inabaki moja. Anaisoma: Sen. Tangu leo unaitwa Sen.

Herufi iliyobaki ni ya elfu. Ikiwa ndani ya jina Chihiro inasomwa chi. Ikiwa peke yake inasomwa sen. Na hiro ni kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, kinachopima kina cha maji, ndiyo pima yetu ya wavuvi. Chihiro ni pima elfu. Binti alikuwa na kina cha bahari, ameachiwa tarakimu.

Katika Kiingereza yote hayo hayapo. Mtazamaji anaambiwa jina limechukuliwa na jipya ni Sen, anakubali kwa kuwa mchawi amesema. Rafiki yake Haku naye ameibiwa jina; ni roho wa mto Kohaku. Lakini angalieni: Haku ndani ya Kohaku linasikika kwa sikio lolote duniani. Sen ndani ya Chihiro linaonekana tu kwa jicho linalosoma Kijapani. Wizi uleule, filamu ileile, mmoja umevuka na mwingine umekwama bandarini, na hakuna mfasiri wa kulaumiwa.

Nimejaribu kuwaza ningefanyaje kwa Kiswahili. Nina jibu moja linanijia kila mara. Aitwe Mwanakheri. Yubaba apitishe mkono, aichukue kheri, abaki Mwana. Jina zima la pwani, na kilichobaki ni neno ambalo hata si jina, ni mtoto tu, mtoto wa yeyote. Lingefanya kazi yote ya ile herufi, na pengine zaidi. Lakini karatasi pale kwenye skrini ina herufi za Kijapani, baba yake ni Bwana Ogino, na Mwanakheri wa Ogino ni Jimmy Kudo mwingine. Kwa filamu ningemwacha Chihiro. Kwa jukwaa, na waigizaji wetu, na karatasi tuliyoiandika wenyewe, ningemchukua Mwanakheri kesho asubuhi. Nawaona wawili watatu mnatikisa vichwa. Haya, kipaza sauti kiko pale kushoto.